Mgeni Bado Hajasema Kwao: Kuitambua na Kuilea Okidi Mpya Nyumbani

(Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya wapenda bustani, na kuchapishwa kwa ombi lao)



Mvua ya masika inanyesha tangu saa nane mchana, njia ya kufikia ukumbi huu imekuwa tope tupu, na bado naona viti vimejaa hadi ukutani. Kwa mtu aliyefundisha baiolojia sekondari karibu maisha yake yote ya kazi, kuona watu wazima wameacha shughuli zao ili wasikilize habari za mizizi ni heshima ambayo sitaisahau.

Katibu wa chama chetu aliniomba nizungumzie utunzaji wa okidi. Mada hiyo ni pana, nami nimeomba ruhusa niibane. Leo nitasema habari za okidi moja tu: ile iliyofika nyumbani kwako wiki hii na haina kibandiko cha jina. Labda umepewa zawadi ya sikukuu. Labda umeinunua dukani, au kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Labda shangazi amehama, akakuachia chungu. Kuna ua zuri, kuna majani, na hakuna mtu nyumbani anayejua kitu hicho ni nini. Nia yangu ni kuwaonyesha kwamba mmea huo unasomeka hata bila kibandiko, na kwamba ukishausoma utajua wenyewe unataka maji lini, unataka kukaa wapi, na unataka uachwe lini.

Naomba nianze na kosa langu. Okidi yangu ya kwanza iliingia nyumbani mwaka niliostaafu. Mke wangu aliinunua: maua meupe kumi na moja kwenye bua moja lililopinda kama upinde. Muuzaji alimwambia tuimwagilie kila asubuhi, tukafanya hivyo. Mimi nikatazama ndani ya chungu, nikaona hakina udongo, kina vipande vya magome tu, nikadhani tumepunjwa. Nikachota udongo mweusi chini ya migomba, nikauchanganya na samadi iliyooza vizuri, nikauhamishia mmea humo kwa mikono yangu. Baada ya wiki sita majani yalikuwa yamelegea kama sukumawiki iliyoanikwa juani. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imegeuka uji wa rangi ya kahawia.

Kilichoniumiza zaidi nilikitambua baadaye. Mizizi ile ilikuwa minene, yenye rangi ya fedha, na mitatu ilikuwa imetoka nje ya chungu ikining'inia hewani. Tangu siku ya kwanza mmea ulikuwa ukinionyesha kwao, nami sikutazama. Hoja zangu zote za leo zinatoka hapo.

Hoja ya kwanza: mgeni atazamwe kabla ya kuguswa

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa okidi, jembe la siku ya tatu ni mauti. Fikirini safari yake. Nyingi za dukani zimelelewa katika nyumba za kioo, kwa mfano Uholanzi au Taiwani, ambako joto, mwanga na unyevu hupimwa kwa mashine. Kisha zimekaa gizani ndani ya maboksi, zimepanda ndege, zimesimama dukani chini ya taa. Mmea wa namna hiyo ukifika kwako umechoka. Usiuhamishe chungu wakati bado una maua, usiupe mbolea, usiuweke juani ili uchangamke.

Utenge mbali na mimea yako mingine kwa wiki tatu au nne. Katika siku hizo geuza kila jani, tazama chini yake na kwenye vikwapa vyake. Vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu magamba. Pamba nyeupe iliyojificha maungioni ni vidung'ata, ndugu wa wale wanaoshambulia mihogo. Jani lililofifia na kuwa kama limenyunyiziwa vumbi la fedha kwa chini huenda lina utitiri. Wachache hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, mara moja kila wiki hadi waishe, kwa kuwa mayai hubaki nyuma.

Wengi huniuliza mbona vichomozo vya maua vilidondoka kabla ya kufunguka. Mara nyingi ni mshtuko wa kuhama tu. Ila kuna sababu moja ya nyumbani kwetu kabisa: ndizi. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo etilini, na gesi hiyo huviambia vichomozo vya okidi vidondoke. Katika mkoa huu na kwa jirani zetu Wachaga, ni nyumba gani isiyo na chane la ndizi mezani? Nawaomba tu msiweke vitu hivyo viwili pamoja.

Hoja ya pili: mwili wa mmea unataja kwao

Anzeni na mizizi. Okidi nyingi tunazouziwa, pamoja na nyingi za misitu yetu ya Usambara, Udzungwa na Mlima Meru, huishi juu ya miti. Haziunyonyi mti. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeshuhudia miti ikipanguliwa okidi zake na mwenye shamba akiamini anaiokoa na vimelea. Mti kwao ni mahali pa kukaa tu. Maji yao hutoka kwenye mvua na ukungu, na chakula chao hutoka kwenye vumbi, majani yaliyooza katika panda za matawi, na kinyesi cha ndege.

Kiumbe anayeishi hivyo hupata maji kwa kitambo kifupi, kisha upepo unayachukua. Ndiyo maana mzizi wake umevikwa ala ya seli zilizokufa, velameni kwa jina la kitaalamu, inayofyonza maji kama sifongo. Ikiwa kavu hujaa hewa, na mzizi huonekana mweupe au wa fedha. Ikilowa huwa angavu, na ukijani wa ndani ya mzizi hujitokeza. Hapo tayari umepata kipimo ambacho hakuna duka linalokiuza: mzizi wa fedha una kiu, mzizi wa kijani umeshiba. Kama chungu ni cha plastiki angavu, na nyingi huja hivyo, unasoma kipimo hicho bila kugusa kitu.

Mzizi mnene wa fedha, basi, ni wa mmea wa juu ya mti. Unataka kulowa kabisa, kisha kukauka, na katikati ya hayo unataka hewa. Mzizi mwembamba wa kahawia wenye manyoya laini, kama wa zile okidi zenye mdomo wa mfuko ziitwazo Paphiopedilum, huashiria mmea unaoishi kwenye majani yaliyooza sakafuni mwa msitu. Huo hautaki kukauka kabisa. Na ukikuta viazi chini, mmea ni wa ardhini, wa nyika au milima yenye majani. Huo nitaurudia baadaye, kwa huzuni kidogo.

Sasa tazameni shina. Kuna okidi zenye shina moja linalopanda juu, kila jani jipya likitokea kileleni: Phalaenopsis, Vanda, na hizi zetu Angraecum na Aerangis. Kuna nyingine zinazotambaa. Kila msimu huchipua shina jipya ubavuni mwa lile la zamani, na mara nyingi shina hilo limevimba kama kitunguu au limerefuka kama muwa: Cattleya, Cymbidium, Oncidium, Dendrobium. Uvimbe huo ni ghala. Mmea wenye ghala umezoea nchi yenye kiangazi cha kweli. Baadhi ya mimea hiyo, ukiimwagilia mwaka mzima bila kuipumzisha, hutoa majani ya kupendeza na ua hulioni kamwe. Mmea usio na ghala umezoea mahali ambapo mvua au ukungu hauko mbali, na kiu ndefu huudhuru. Mashina yaliyovimba yakianza kujikunja makunyanzi, kabla hujakimbilia kopo la maji kagua mizizi. Ikiwa hai, mmea una kiu. Ikiwa imeoza, mmea una kiu vilevile, ila hauna mdomo wa kunywea, na maji zaidi yatauangamiza.

Mwisho jani. Jani jepesi, pana na laini hutoka kivulini. Jani nene, gumu kama ngozi, hutoka penye ukame wa mara kwa mara. Majani manene ya Phalaenopsis yana tabia ambayo Tanga wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: hufunga vitundu vyake vya hewa mchana ili maji yasipotee, kisha huvifungua usiku. Mkonge hufanya hivyohivyo, na nanasi pia.

Tujaribu kwa mifano miwili. Chungu cha kwanza: majani manne mapana yaliyolala, hakuna uvimbe wowote, mizizi ya fedha imetoka nje, bua refu lenye maua bapa. Hiyo ni Phalaenopsis, jina lililotolewa na Carl Ludwig Blume mwaka 1825, maana yake ni kufanana na nondo. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na katika maduka yetu ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Ndiyo niliyoizika kwenye samadi.

Chungu cha pili, au niseme tawi la pili, kwa sababu mara nyingi huletwa likiwa na kipande cha gome: mashina marefu ya manjano kama vijimuwa, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, na juu ya mizizi mikuu kuna mizizi midogo mikali inayosimama wima kama sindano. Mama pale mbele ameshatikisa kichwa, anaijua. Ni Ansellia africana, okidi chui. Jina lake linamkumbuka John Ansell, mtunza bustani aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po mwaka 1841. Sindano zile zimeufanya mmea kuwa kapu: hudaka majani yanayoanguka kutoka juu, yakaoza humo na kuwa chakula. Okidi hii hujitengenezea mboji yake angani. Ukizikata sindano hizo kwa kudhani ni mizizi iliyokufa, umeuvunja mtungi wake wa chakula.

Kabla sijaendelea, kwa wale wanaosema okidi ni maua ya matajiri: vanila inayolimwa Kagera na Uganda ni okidi. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu mkulima hulichavusha kwa mkono, kwa kijiti, kwa njia iliyogunduliwa kisiwani Réunion mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Bibi wa Bukoba anayeamka alfajiri kuchavusha vanila yake ni mtaalamu wa okidi, hata kama hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Hoja ya tatu: jina lina ngazi, na si kila ngazi inafikika

Ua likifunguka, hesabuni. Sepali tatu nje, petali tatu ndani, na petali moja kati ya hizo imebadilika ikawa mdomo, mahali pa kutua mdudu. Katikati, badala ya stameni nyingi kama za ua la mwembe, kuna nguzo moja ambayo ndani yake sehemu za kiume na za kike zimeungana, na chavua imefungamana kama vidonge viwili au zaidi. Mdomo na nguzo ndivyo wataalamu wanavyovitazama kwanza. Rangi huja mwisho, maana rangi hudanganya.

Tazameni pia nyuma ya ua. Je, kuna mkia mwembamba uliojaa asali? Ua jeupe, lenye harufu inayoanza jioni, lenye mkia mrefu, limetengenezwa kwa ajili ya nondo. Mwaka 1862 Charles Darwin alipewa ua la Angraecum sesquipedale la Madagaska, lenye mkia wa karibu sentimita 30. Alitamka kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika chini kabisa. Wapo waliomcheka. Darwin alifariki mwaka 1882, na mwaka 1903 nondo wa Madagaska mwenye ulimi huo akaelezwa na kupewa jina. Darwin hakuwa amemwona mdudu. Alisoma ua tu. Nikiwa mwalimu nilikisimulia kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka darasa lilinyamaza.

Sasa kuhusu jina lenyewe. Ngazi ya kwanza ni jenasi: Phalaenopsis, Cymbidium, Aerangis. Ngazi hii karibu kila mmoja wetu anaweza kuifikia kwa macho, na kwa malezi ya nyumbani ndiyo inayotosha. Ngazi ya pili ni spishi, nayo ni ngumu: jamii nzima ya okidi ina spishi zinazokaribia 28,000. Ngazi ya tatu ni jina la chotara. Tangu John Dominy aoteshe chotara wa kwanza wa kutengenezwa na binadamu, aliyechanua Uingereza mwaka 1856, watu wamechanganya na kuchanganya tena. Machotara hao huandikishwa katika rejista ya kimataifa inayotunzwa na Royal Horticultural Society. Okidi ya dukani iliyopoteza kibandiko ina mababu wengi mno, na jina lake la rejista halirudishwi kwa kulinganisha picha. Watu wengine hawapendi kusikia hivyo. Huchagua jina zuri linalofanana wakaliandika. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu jina la kubuni husafiri na vipandikizi vyake hadi kwa watu wengine, na kosa lako linakuwa la mji mzima. Andikeni mnachokijua: Phalaenopsis chotara, maua meupe, mdomo wa manjano, tarehe ya kufika, mahali iliponunuliwa.

Kwa zile za kwetu, hali ni njema zaidi. Juzuu tatu za okidi katika Flora of Tropical East Africa, zilizotoka 1968, 1984 na 1989, zinaeleza okidi za Kenya, Uganda na Tanzania spishi kwa spishi. Na hapahapa Arusha ipo hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, kama ilivyo ile ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Ua moja, picha ya mmea mzima, na maelezo ya mahali ulipoonekana ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na wataalamu wa huko.

Hoja ya nne: kulea ni kurudisha hali ya kwao

Hapa ndipo maswali yenu mengi yalipolalia. Nitakaa kwenye maji na mwanga, mengine nitayapitia haraka.

Ukiuliza okidi imwagiliwe mara ngapi kwa wiki, umeuliza swali lisilo na jibu. Chungu kilichopo barazani Dar es Salaam wakati wa kaskazi hukauka kwa siku mbili. Chungu hichohicho sebuleni Arusha mwezi Julai kinaweza kubaki na unyevu siku kumi. Soma mizizi. Ikiwa ya fedha, peleka chungu kwenye sinki, mwaga maji yapite tele kwa dakika nzima, acha yachuruzike yote, kisha rudisha. Fanya asubuhi. Kwa Phalaenopsis usiache maji yalale katikati ya majani, maana kilele chake ni kimoja tu, kikioza hauna kingine. Na chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji.

Maji gani? Nchi yetu hii ya chini ya Meru inajulikana kwa maji yenye madini mengi, floridi ikiwamo. Meno ya watoto wetu ni mashahidi. Katika chungu kisicho na udongo hakuna kitu cha kuzimeza chumvi hizo, hivyo hujikusanya kwenye magome na kuunguza ncha za mizizi. Mvua inayopiga bati la ukumbi huu sasa hivi ndiyo maji bora ya okidi mtakayoyapata. Kingeni ndoo. Kwa mbolea, robo ya kijiko cha chai ya NPK inayoyeyuka katika lita 4 za maji inatosha, nayo iwe wakati mmea unakua tu, na mara moja kwa mwezi suuzeni chungu kwa maji matupu.

Kuhusu mwanga, vitabu vingi vimeandikwa Ulaya, na vinatuambia tuweke okidi dirisha la kusini. Huko jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri liko kaskazini, kisha linahamia kusini. Fuata ushauri wa kitabu, mmea wako utakaa gizani miezi sita. Kwetu dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi hadi saa tatu, linafaa mwaka mzima. Weka karatasi nyeupe mahali pa mmea, nyosha kiganja juu yake mchana. Kivuli chenye kingo laini kinafaa Phalaenopsis. Kivuli chenye kingo kali kinafaa Vanda au okidi chui. Usipoona kivuli, hapo ni mahali pa kuweka picha za familia. Jani nalo linasema: kijani iliyokolea sana inaomba mwanga zaidi, manjano inaomba kupunguziwa.

Ndugu zetu wa Pwani hulalamika kwamba Phalaenopsis haichanui tena baada ya maua ya dukani kuisha. Sababu ni joto. Mmea huu huanza bua la maua baada ya wiki kadhaa za baridi ya wastani. Joto likizidi nyuzi 28 muda wote, hutoa majani tu. Usiku wa Arusha unafanya kazi hiyo bure. Dar es Salaam, nafasi yenu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 20: sogezeni chungu karibu na dirisha lililo wazi. Ama sivyo, chagueni Dendrobium za mashina magumu na Vanda, ambazo joto la Pwani ni kwao. Cymbidium nazo waachieni watu wa Lushoto na Njombe, wenye baridi ya kutosha.

Chungu kibadilishwe maua yakiisha. Mkiitoa Phalaenopsis ya dukani, chunguzeni katikati ya mizizi. Mara nyingi kuna donge la sfagnamu, mimea laini ya majimaji iliyokaushwa, lililobaki tangu mmea ulipokuwa mche. Donge hilo hukaa limelowa wakati magome ya nje yamekauka, na kuoza huanzia hapo. Litoeni taratibu kwa vidole. Kateni mizizi iliyooza kwa wembe uliopitishwa motoni, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa makali ya kisu na havina dawa. Kwa kujazia, magome ya mipaina yaliyokatwa vipande, vipande vya mkaa, na makumbi ya nazi vinatosha. Tahadhari moja tu kuhusu makumbi: yale yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili kupata usumba yamejaa chumvi. Yaloweke na kubadili maji siku kadhaa kabla ya kuyatumia.

Hoja ya tano: mgeni huyu alitoka wapi

Hii ni fupi, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Kuna mwaka niliuziwa mmea kwa maelezo kwamba ulitoka Thailand. Nilipoufungua nyumbani, mizizi yake ilikuwa imekumbatia gome la mti wa msitu, majani yalikuwa na kuvu za ukungu wa milimani na alama za kutafunwa, na upande mmoja wa mizizi ulikuwa umechanwa. Okidi ya kitaluni huwa na majani safi na mizizi iliyofuata umbo la chungu. Ile ilikuwa imebanduliwa msituni kwetu, na mimi nilikuwa nimelipa ili ibanduliwe. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuzivusha mpaka bila vibali ni kosa. Lakini hata bila sheria, mmea uliong'olewa hivyo mara nyingi hufa nyumbani, na juu ya mti ulioachwa nyuma hauoti mmea mwingine kwa miaka mingi.

Zile okidi za viazi nilizoahidi kuzirudia ziko Kitulo, nyanda zile za juu ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu, zilizotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Disa, Satyrium na Habenaria za kule huweka akiba ya mwaka ujao katika kiazi kipya chini ya ardhi. Kiazi hichohicho ndicho kinachochimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na vimevushwa mpaka kwa mamilioni. Sina neno baya kwa mama anayechimba ili alipe ada ya mtoto. Nina neno kwa sisi tunaojiita wapenda maua: tusinunue okidi ya msituni hata kwa huruma, kwa kuwa huruma hiyo ndiyo inayomrudisha mchimbaji msituni kesho.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia na yaliyo mbele yetu.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula, na porini humea ikikutana na kuvu wa kuilisha, jambo alilolibaini Noël Bernard huko Ufaransa mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani aliotesha mbegu hizo ndani ya chupa kwa sukari na chumvichumvi, bila kuvu. Hapa nchini tunazo maabara zinazozalisha miche ya migomba ndani ya chupa. Ufundi unaohitajika hautofautiani sana. Okidi chui iliyooteshwa hapa, na kijana wa hapa, ikauzwa kihalali kando ya barabara ileile, ni jambo ambalo baadhi ya vijana walioketi huko nyuma wanaweza kulifanya, na ninatamani nilione nikiwa hai.

Kwa chama chetu naomba jambo dogo la kuanzia mwezi huu. Tufungue daftari moja. Kila mwanachama anayepata okidi mpya aandike tarehe ya kufika, mzizi mpya wa kwanza ulipotokea, bua lilipoanza, ua lilipofunguka, na dirisha ilikowekwa. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na kalenda ya okidi ya Arusha iliyoandikwa Arusha, na hatutahitaji tena kugeuza kusini kuwa kaskazini kichwani.

Kwenye meza ile karibu na mlango nimeweka mimea sita. Mmoja una jina. Mitano nililetewa na wanachama, haina kibandiko, na bado sijaifungua. Karibuni tuisome pamoja, tuanzie kwenye mizizi. Penseli na daftari viko hapohapo.